Chupa ya Abdulghani

Jumatatu, 6 Februari 1984

Mwalimu Jedida wa ngumbaru ametuambia kila mmoja aandike kila siku, japo mstari mmoja, ili mkono uzoee herufi za Kizungu. Za Kiarabu nilizijua tangu chuoni, kwa hivyo asinione mjinga. Haya basi, naandika. Mimi ni Chiku wa hapa Ngomeni, mjane, nyanya wa mtoto mmoja wa kiume, Abdulghani, ana miezi miwili na keshaniharibia usingizi wote.

Mwanangu Mwanasiti alitoka majipu ya maziwa, akapasuliwa, maziwa yakakauka. Mtoto sasa ni wa maziwa ya kopo. Muuguzi wa kliniki alinitolea macho: "Mama, maji ya kisima chenu ni ya chumvi. Mtu mzima atayastahimili. Huyu yatamuua." Mama mkwe wangu, Bi Shekha, ambaye tunakaa naye, akasema si tuyachemshe tu. Nikamwambia kuchemsha hakutoi chumvi, kunaizidisha, kama mchuzi ulioachwa motoni. Akanuna hadi isha.

Ndipo Mwalimu Jedida akaleta mchoro wa sanduku la jua, na fundi Kitsao wa Gongoni akatutengenezea. Ni sanduku la mbao, ndani limepakwa rangi nyeusi, juu lina kioo kilicholazwa kwa mshazari. Nyuma kuna kidirisha. Asubuhi namimina maji ya kisima kwa hicho kidirisha, nafunga. Jua likipanda maji yanatoka mvuke, mvuke unagusa kioo, unakuwa maji tena, yanateleza hadi mfereji wa bati ulio chini na kuingia kwenye chupa. Chumvi inabaki ndani. Sikuamini mpaka nilipoonja.

Jumatano, 8 Februari

Chupa mbili, zote hadi shingoni. Alhamdulillahi. Mtoto ameshiba, amelala, na mimi nimelala.

Ijumaa, 10 Februari

Bi Shekha ameonja maji ya sanduku, akayatema uani.

"Maji gani haya, Chiku? Hayana ladha. Halafu yananuka rangi ya Kitsao."

"Hayanuki, mama. Ni wewe tu huyapendi."

"Mgeni akija kwako utampa maji makavu? Hufukizi mtungi kwanza? Basi huyu ndiye mgeni wetu mkubwa kuliko wote."

Hapo kasema kweli. Nyumba hii haijapata kumpa mtu maji yasiyofukizwa. Nikamwambia haya, fukiza gudulia la mtoto. Lo! Mwanamke alivyofurahi. Akatoa chetezo, akatia ubani na mastaki kidogo, akalifunika gudulia juu ya moshi huku akimsomea kitukuu chake dua. Miguu inamuuma lakini kwa kazi hiyo alichuchumaa bila kulalamika.

Jumapili, 12 Februari

Leo kaja jirani, Nyaboke. Mumewe Simeon anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, wamepanga chumba cha mabati nyuma ya ua wetu. Sisi twamwita Mama Easter kwa binti yake. Alisimama kulitazama sanduku kama mtu aliyeona gari la kwanza.

"Mama Mwanasiti, hebu nionje kidogo hiyo maji."

"Si ya kuonjwa. Ni ya mtoto."

"Hata kijiko?"

"Hata kijiko."

Akacheka, akaenda zake. Najua nilijibu kwa ukali. Lakini leo kijiko, kesho kikombe, kesho kutwa ndoo.

Jumanne, 14 Februari

Joto. Mchanga wa uani haukanyagiki.

Alhamisi, 16 Februari

Chupa ya pili imeishia begani. Labda nilichelewa kumimina.

Jumamosi, 18 Februari

Chupa ya pili nusu. Nimemwita Kitsao. Kaligonga sanduku kila upande, kapitisha kidole kwenye mbao, hakuna linapovuja. Kasema pengine ni jua. Jua! Jua lililonibabua shingo hii! Nikakifuta kioo kwa kitambaa, nje chote, kikang'aa. Nikaona bado kina ukungu wa manjano, nikasema ni vumbi la upepo wa kaskazi.

Jumatatu, 20 Februari

Chupa moja tu. Anga haina hata wingu.

Kidirisha cha nyuma nimekikuta hakikufungwa vizuri, na mimi hukifunga kila siku kwa mkono wangu. Basi kuna mtu. Anakuja alasiri nikiwa ngumbaru. Nilimuuliza Bi Shekha kama ameona mtu uani, akasema hakuona, labda alipokuwa anaswali. Mwanasiti naye hushinda chumbani na mtoto.

Sitaki kumdhania mtu ubaya. Lakini nani aliyeniomba kuonja?

Jumatano, 22 Februari

Sikwenda darasani. Niliketi kwenye baraza ya uani tangu asubuhi hadi magharibi nikisuka ukili wa mkeka, jicho kwenye sanduku. Hakuna aliyekuja. Na chupa haikufika hata shingoni, moja hiyo hiyo!

Bi Shekha akatikisa kichwa. "Kuna mtu huiba kwa mkono, Chiku, na kuna mtu huiba kwa jicho. Aliyatamani yale maji, ukamnyima. Unadhani jicho lake liliondoka naye?"

Tulitazama ua wa makuti, sote wawili. Upande wa pili Nyaboke alikuwa anaimba akifua.

Ijumaa, 24 Februari

Robo tatu ya chupa. Nimemwambia Mwanasiti apimie kidogo kidogo.

Jumatatu, 27 Februari

Nimerudi leo kutoka Malindi.

Jumamosi asubuhi mtoto aliamka analia kilio cha kiu. Anafyonza, anamaliza, analia tena. Mwili moto. Kufika adhuhuri akaacha kulia, na hapo ndipo nilipoogopa. Mdomo umekauka hata ndani, utosi umebonyea, macho yananitazama kama hanijui. Mwanasiti anazunguka chumbani, Bi Shekha anasoma kila sura aijuayo. Gari hakuna. Nikatoka nje nikapiga kelele, nini ningefanya?

Nyaboke akatokea mbio, mikono ina sabuni. Alimtazama mtoto mara moja tu, akaondoka vile vile mbio kuelekea kwenye chumvi. Haukupita muda lori la chumvi likaja, Simeon amekaa mbele na dereva. Wakatupandisha mimi, Mwanasiti na mtoto. Nyaboke alinitupia kanga yake ya kumfunika mtoto jua.

Na unajua nilifikiri nini njiani, mtoto akiwa mapajani hana nguvu ya kulia? Nilifikiri: anayejua alilolifanya ndiye hukimbilia kusaidia. Nimeliandika kama nilivyolifikiri.

Hospitali wakamtia maji kwa sindano. Daktari akauliza, "Mmempa maji ya wapi?" Nikaapa ni ya sanduku. Mwanasiti akaanza kulia. Chupa ilikuwa nusu, mtoto analia, mimi nimesema apimie, naye mama mtu hakustahimili. Akajazia na ya kisima. Siku mbili. "Kidogo tu, mama, nilijazia kidogo tu." Sikumpiga wala sikumgombeza, nguvu hizo nizipate wapi. Daktari akasema tumewahi, na siku nyingine hatutawahi.

Jumatano, 29 Februari

Chupa moja. Yote ya mtoto. Ikipungua hapo sijui nitafanyaje. Lori la maji lilisemekana lingekuja, halikuja.

Ijumaa, 2 Machi

Bi Shekha kaamua. Itasomwa Halbadiri.

Kwa asiyejua: mtu akiibiwa, na mwizi hajulikani, husomwa majina ya watu wa vita vya Badri, na uovu ule humrudia aliyeufanya, atake asitake. Wapo waliovimba tumbo. Wapo waliopofuka. Ndiyo maana hutangazwa mapema, ili aliyechukua arudishe kabla. Leo baada ya sala ya Ijumaa imetangazwa: Ijumaa ijayo, baada ya alasiri, nyumbani kwa Maalim Stambuli.

Alasiri wanawake walijaa barazani kwetu. Bi Shekha akasimama, mwanamke asiyesimama bila kushikwa, akasema mbele yao wote: "Aliyempunguzia kitukuu changu maji, kwa mkono au kwa jicho, isimpitie wiki!" Wanawake wakaitikia amina. Na mimi niliitikia.

Jumapili, 4 Machi

Easter, mtoto wa Nyaboke, ana homa. Mji mzima umeshajua. Kisimani leo Nyaboke alipotua ndoo yake, wenziwe walizisogeza zao. Walizisogeza tu.

Jioni aliniita kwenye ua. Hakuchungulia, alisimama upande wake na mimi wangu, makuti katikati.

"Mama Mwanasiti, unaamini ni mimi?"

"Sijakutaja, Mama Easter."

"Hujanitaja. Lakini hujasema si mimi."

Akasema yeye ni Msabato, mambo ya kusomewa hayamtishi, ila mtoto wake ana miaka minne na watoto wenziwe wamekatazwa kucheza naye. Simeon ameanza kutafuta chumba Kilifi, Kibarani, kwa ndugu yake.

Jumatatu, 5 Machi

Chupa moja kasoro. Easter bado ana homa. Watu wanasema: mnaona? Hata bado haijasomwa.

Jumanne, 6 Machi

Mwalimu Jedida kaenda Malindi, hapakuwa na darasa. Nikarudi nyumbani mapema. Mlango wa uani ulikuwa wazi na ubani unanukia, lakini kwetu ubani haukosi kunukia, sikujali.

Bi Shekha alikuwa amepiga magoti nyuma ya sanduku la jua.

Kidirisha kiko wazi. Mkono wake umeingia hadi kiwiko, na mkononi ameshika chetezo. Moshi umejaa ndani, mweupe, unapanda kwenye kioo na kutambaa. Alikuwa anasema na sanduku kwa sauti ndogo: "Nukia, maji ya mwanangu. Nukia, maji ya baba yangu mdogo. Mungu akulinde na kila jicho."

Nilisimama pale pale. Halafu nikakitazama kioo kwa upande wa ndani, mara ya kwanza tangu Kitsao akiweke. Ule ukungu wa manjano haukuwa vumbi. Ulikuwa utando wa ubani, wa siku nyingi, unanata. Na matone juu yake yalikuwa hayatelezi. Yamekaa moja moja, kama shanga, yananenepa, yakichoka yanadondoka chini, yanarudi kwenye chumvi.

Akageuka akaniona, akatabasamu. "Gudulia peke yake halitoshi, Chiku. Nikaona niyafukize tangu chimbuko lake. Kila alasiri ukienda kusoma. Sikutaka kukusumbua."

Nikamwambia, "Ahsante, mama." Nikaingia ndani nikakaa kitandani.

Jumatano, 7 Machi

Nilitaka kuhakikisha kabla sijamuua mtu kwa neno. Alfajiri nilimwomba Kitsao aje akiinue kioo. Nikakisugua ndani kwa majivu na ndimu mpaka vidole vikachubuka, nikasuuza, akakirudisha na kukiziba upya. Bi Shekha nilimwambia rangi imeharibika, leo asifukize. Kitsao alinusa kioo, akanitazama, hakuuliza.

Kufika magharibi, chupa mbili. Hadi shingoni. Niliziweka mbele yangu na badala ya kushukuru nikalia.

Alhamisi, 8 Machi

Kesho itasomwa. Sijala tangu jana.

Nikinyamaza: sanduku limepona, mtoto anashiba, watu watasema mwizi kaogopa. Nyaboke atahamia Kibarani na jina la mwizi. Easter atakua akijua mamake alifukuzwa Ngomeni kwa wizi wa maji ya mtoto mchanga. Na kesho yatasomwa yale majina, na yule aliyempunguzia maji Abdulghani kwa mkono wake ni nani?

Nikisema: namwambia bibi wa watu, mgonjwa wa miguu na moyo, kwamba ile laana aliyoitamka mbele ya mji imemwangukia mwenyewe. Anaiamini Halbadiri kuliko anavyoamini kesho kutakucha. Atakufa kwa hofu kabla haijasomwa.

Nilidhani nitaghairi tu kwa Maalim, niseme tumesamehe. Lakini kusamehe ni kusema kuna mwenye kosa, na mji wote ungejua ni nani aliyesamehewa.

Adhuhuri nilisikia mabati ya jirani yakigongwa. Simeon alikuwa anatoa kitanda nje. Basi nikaenda kwa Bi Shekha, nikakaa chini miguuni pake, nikamweleza. Kioo, utando, matone. Nilimweleza polepole. Nilimshika mikono.

Kisha akasema, "Kwa hivyo aliyekuwa anamuua ni mimi."

"Hukujua, mama. Ulimpenda."

"Nimesema isimpitie wiki. Leo ni siku ya sita, Chiku."

"Haijasomwa bado. Nitakwenda kwa Maalim, nitasema kosa ni langu, sikukisafisha kioo."

Akautoa mkono wake mkononi mwangu. "Ulimi ulionena barazani ni wa nani? Wako? Basi niache."

Ijumaa, 9 Machi

Hakunywa hata chai. Baada ya alasiri akavaa buibui, akanishika bega, tukaenda. Kwa Maalim Stambuli wanaume wamejaa ukumbini, wanawake nyuma ya pazia. Tulipokaribia nikamwambia turudi. Akaniambia niuache mkono wake begani pangu na ninyamaze.

Maalim alipokuwa anafungua kitabu, Bi Shekha akalisukuma pazia. Mwanamke wa umri ule, mbele ya wanaume! Akatoa chetezo chake chini ya buibui, akakitua mkekani katikati yao.

"Huyu ndiye mwizi," akasema. "Na mkono uliokishika ni huu. Nilifukiza sanduku, moshi ukakaa kwenye kioo, maji yakakataa kutoka. Mama Easter hakugusa kitu. Sasa someni mkitaka. Niko hapa."

Maalim akakitazama chetezo, akakifunga kitabu. "Mwizi hapana," akasema, "basi na Halbadiri hapana. Tumwombee mtoto, na tumwombee bibi yake." Wakanyanyua mikono. Bi Shekha aliketi pale pale chini.

Kurudi alinipeleka mlangoni kwa Nyaboke. Hajapata kukanyaga pale tangu wahamie. Vitanda viko nje, vyombo vimefungwa. Bi Shekha akamweleza yote, akasema, "Nimekukosea, mwanangu. Niwie radhi." Nami nikasema vivyo hivyo, na sauti yangu niliisikia ndogo.

"Nimesikia, mama," Nyaboke akamjibu yeye. Mimi hakunitazama. Akafunga mlango.

Jumapili, 11 Machi

Vitanda vimerudishwa ndani. Chupa mbili. Nimemsalimu Nyaboke, hakujibu.

Jumatano, 14 Machi

Easter kapona, ilikuwa malaria. Nimemsalimu mamake. Hakujibu.

Jumatatu, 19 Machi

Hajibu. Kisimani sasa wanawake wanamsogezea ndoo zao karibu, wanamchangamkia, yeye anateka na kuondoka. Bi Shekha hafukizi kitu tena, hata nguo. Nyumba imekuwa ya watu wengine.

Jumanne, 27 Machi

Mawingu tangu jana. Chupa nusu. Hili sasa si la mtu.

Jumamosi, 31 Machi

Siku ya sita hakuna jua. Jana mvua, leo mvua. Sanduku limetoa maji ya kufunika kitako cha chupa. Paa letu ni la makuti, maji yanayoshuka ni rangi ya chai na wadudu ndani yake. Mtoto ameanza kile kilio. Mwanasiti ananitazama, ninamtazama, na kisima kiko pale.

Ni nyumba moja tu hapa karibu yenye mabati.

Nilikaa na chupa mkononi mpaka nikajichukia. Halafu nikajitanda kanga yake Nyaboke, ile ya Malindi, ambayo nilikuwa sijapata uso wa kuirudisha, nikatoka kwenye mvua. Amepanga ndoo chini ya paa lake, zote zimejaa, zinamwagika. Alikuwa mlangoni anaosha sufuria.

"Hodi, Mama Easter."

Akaendelea kusugua sufuria.

"Nimekuja kuomba maji ya mtoto. Huna deni na mimi. Ukininyima utakuwa umenilipa tu nilivyokufanyia."

Akaitazama kanga, akaitazama chupa. Akajifuta mikono.

"Hiyo iliyo ndani ni ya sanduku?"

"Ndiyo. Ndiyo yote iliyotoka leo."

"Nipe nionje."

Nikampa. Kile kidogo alikitia chote kinywani kwa mara moja, akakizungusha, akameza. Akakunja uso. Akasubiri, kama anayetazamia kitu kingine kije nyuma yake.

"Ni hii tu?" akaniuliza. "Hii ndio maji mlitaka kuniua nayo? Hata haina ladha."

Machozi yakanitoka tu, na mvua ikanisitiri kidogo. Nyaboke akainama, akaitumbukiza chupa kwenye ndoo yake, akaishikilia mpaka ikaacha kutoa povu. Akaniwekea mkononi, imejaa hadi shingoni.

"Nenda," akasema. "Mtoto analia."